Askofu wa miaka mitatu

Mwaka 1579 makanoniki wa kanisa kuu la Regensburg, kusini mwa Ujerumani, walimpata askofu wao mpya. Aliitwa Philipp Wilhelm, mtoto wa mtawala wa Bavaria, naye alikuwa amezaliwa Septemba 1576. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Mwenye jimbo alikuwa bado mikononi mwa yaya.

Sifanyi mzaha, wala sina nia ya kulichafua Kanisa Katoliki. Mambo haya wameyaandika wanahistoria wa Kanisa lenyewe, na kanuni zake za leo haziyaruhusu tena. Nayaleta hapa kwa sababu sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, pamoja na ndugu zetu wanaovuka Kobero na Mugina na mizigo yao kila wiki, tunajua maana ya kuulizwa karatasi. Ikikosekana moja tu, mzigo unalala mpakani na mwenye mzigo analala nao. Kwa hiyo inafaa tujue jinsi wakubwa wa Ulaya walivyokuwa wakipita bila karatasi, na walivyofanya hivyo kwa adabu kabisa, kwa mihuri na kwa Kilatini.

Kwanza niondoe dhana moja. Wengi wakisikia habari hizi hudhani kwamba zamani hizo hapakuwa na sheria. Sheria ilikuwapo. Mtaguso wa Tatu wa Laterani, uliofanyika Roma mwaka 1179, ulikwisha kuamua kwamba mtu asifanywe askofu kabla ya kutimiza miaka 30, na kwamba awe mtoto wa ndoa halali mwenye elimu na mwenendo wa kufaa. Mtaguso wa Trento, uliofungwa mwaka 1563, ulisisitiza tena umri wa utu uzima na ukakataza mtu mmoja kushika majimbo mawili. Philipp Wilhelm alichaguliwa miaka 16 tu baada ya Trento. Wino ulikuwa umekauka, lakini si sana.

Basi walipitaje? Walipita kwa ruhusa maalumu kutoka Roma, na mara nyingi kwa neno moja: msimamizi. Mtoto hakuitwa askofu kwa maana kamili, kwa kuwa askofu wa kweli ni lazima awekewe mikono, naye ndiye anayetoa daraja la upadri na kubariki krisma. Yeye aliitwa msimamizi wa jimbo. Mapato ya mashamba na zaka yakahesabiwa kwa jina lake, na kazi ya altareni ikafanywa na askofu msaidizi, mtu mzima asiye na ukoo mkubwa, aliyelipwa ujira wake na kunyamaza.

Neno hilo linanigusa. Mimi nilisomea katika makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, nikafundishwa na walimu Watanzania waliokuwa wakali kwa kila mtoto bila kuuliza baba yake ni nani. Niliporudi mwaka 2009 na cheti changu cha ualimu, nilikaa miezi mingi nikisubiri kilinganishwe na vyeti vya hapa. Katika ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, nilimwona kijana akipokea barua ya kazi mkono mtupu, bila hata bahasha. Nilipouliza, niliambiwa tuwe na subira, yule anakaimu tu. Tangu siku hiyo neno kukaimu huwa naliangalia mara mbili.

Turudi Ulaya. Kwa nini mfalme atake mtoto wake awe askofu? Sisi Warundi tunamjua mfalme mtoto. Mwambutsa alipokea ngoma mwaka 1915 akiwa mdogo kabisa, na watu wazima wa ukoo wakatawala kwa niaba yake. Hilo lina mantiki yake, maana ufalme ni urithi, na urithi haungoji mtoto akue. Uaskofu ni kitu kingine. Askofu Mkatoliki haoi, hana mtoto wa kumwachia kiti, kwa hiyo kila anapokufa kiti hubaki wazi. Waliotunga utaratibu huo walidhani wamefunga mlango wa urithi. Kumbe wamewafungulia mlango wenye watoto wengi. Mfalme mwenye wana watano anampa wa kwanza ufalme. Akiwagawia wengine nchi, nchi inaisha. Lakini kiti cha askofu hakimpunguzii baba hata shamba moja, kina watumishi na mapato yake, na katika Ujerumani ya siku hizo kilikuwa na nchi nzima ndani yake, pamoja na askari, mahakama na kodi, kwa sababu maaskofu wengi wa huko walikuwa pia watawala. Kisha kinaweza kupita kwa mtoto wa ndugu. Baba mdogo akifa, anaingia mpwa.

Ukoo wa Bavaria ndio ulioifanya kazi hii kwa bidii kuliko wote. Baba mdogo wa yule mtoto wa Regensburg, jina lake Ernst, alipata jimbo la Freising mwaka 1566 akiwa na miaka 11. Akaongeza Hildesheim mwaka 1573, Liège mwaka 1581, Cologne mwaka 1583, na Münster mwaka 1585. Majimbo matano, kichwa kimoja. Naye hakuwa mtu wa sala nyingi. Aliishi na mwanamke na kuzaa naye.

Hata hivyo habari ya Cologne inataka tuiangalie kwa haki. Kaisari wa Ujerumani alichaguliwa na wapiga kura saba tu, na watatu kati yao walikuwa maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Cologne. Wengine watatu, yaani Saxony, Brandenburg na Palatinate, walikwisha kuwa Waprotestanti. Sasa askofu mkuu wa Cologne, Gebhard Truchsess von Waldburg, akatangaza mwishoni mwa mwaka 1582 kwamba anaacha Ukatoliki, na Februari 1583 akamwoa mwanamke aitwaye Agnes von Mansfeld, huku akitaka kubaki na nchi yake na kura yake. Waprotestanti wangekuwa wanne kati ya saba. Papa akamvua cheo, makanoniki wakamchagua Ernst, na vita vikaanza. Desemba 1583 askari wa Bavaria waliilipua kwa baruti ngome ya Godesberg iliyo karibu na Bonn, na mapigano yakaendelea kwa miaka mitano, huku wanakijiji wa bonde la Rhine wakichomewa nyumba na pande zote mbili. Anayejua vita anajua nani aliyehama usiku na mtoto mgongoni.

Hapo namwelewa Papa, ingawa simtetei. Alihitaji ukoo wenye jeshi, na ukoo wenye jeshi ukataka bei yake. Lakini dharura ikigeuka desturi, nani ataikomesha? Kutoka Ernst mwaka 1583 mpaka mwaka 1761 kiti cha Cologne kilikaliwa na watu watano, wote wa ukoo huohuo wa Bavaria. Miaka 178 ya dharura! Wa nne, Joseph Clemens, aliingia mwaka 1688 akiwa na miaka 16, na akapewa upadri mwishoni mwa mwaka 1706. Kwa miaka 18 askofu mkuu huyo hakuweza kusoma misa. Wa tano, Clemens August, alikusanya majimbo matano kama Ernst, akajenga jumba la fahari huko Brühl, na jingine karibu yake kwa ajili ya kuwinda kwa mwewe. Majumba hayo ni mazuri kweli, na yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watalii huyapiga picha. Zaka za wakulima haziwezi kupigwa picha.

Hispania nayo ilikuwa na Toledo, jimbo tajiri kuliko yote ya nchi ile. Mwaka 1619 Mfalme Philip III alimwombea mwanawe Ferdinand kofia nyekundu ya ukardinali, na Papa Paulo V akaitoa. Mtoto alikuwa na miaka 10. Mwaka uliofuata akapewa na Toledo. Hakupata kuwa padri maisha yake yote. Alipokua alionyesha kipaji, lakini cha vita: Septemba 1634 alikuwa mmoja wa majemadari walioshinda pale Nördlingen, kisha akaitawala nchi ambayo leo ni Ubelgiji kwa niaba ya kaka yake mfalme, hadi alipofariki mwaka 1641. Wako wanaomtaja kama mfano kwamba uteuzi ule haukuwa mbaya. Mimi nauliza: alikuwa askofu wa nani? Mkristo wa Toledo aliyetaka mchungaji alipata habari za ushindi kutoka Ujerumani.

Zaidi ya miaka 100 baadaye Toledo iliona jambo hilo tena. Mwaka 1735 Mfalme Philip V na mkewe Elisabetta Farnese walimpatia mtoto wao Luis usimamizi wa jimbo hilo, na Desemba mwaka huohuo akafanywa kardinali. Alikuwa na miaka minane. Mwaka 1741 akaongezewa Seville.

Kwa Luis ndipo ninapowaonea huruma watoto wenyewe. Niko darasani kila siku, najua mtoto wa miaka minane anataka nini. Anataka mpira, anataka kuulizwa swali analolijua. Huyu aliulizwa kama anataka kuwa mkuu wa Kanisa la Hispania, au tuseme hakuulizwa kabisa. Alivumilia mpaka mwaka 1754, akiwa na miaka 27, akarudisha kofia nyekundu na majimbo yote mawili akisema kwa matendo yale ambayo wazazi wake hawakutaka kuyasikia. Mwaka 1776 alimwoa María Teresa de Vallabriga, binti asiye wa damu ya kifalme. Kaka yake, Mfalme Charles III, aliruhusu ndoa, lakini watoto wakanyimwa jina la ukoo wa baba, na familia ikaishi mbali na ikulu. Mchoraji Goya aliwachora wote mwaka 1784, baba akicheza karata mezani, mama akitengenezwa nywele, watoto pembeni. Anayetaka kumwona kardinali mstaafu akiwa mtu wa kawaida na aitafute picha hiyo.

Ajabu ni kwamba habari haikuishia hapo. Luis alifariki mwaka 1785, na mwanawe, Luis María, akalelewa katika nyumba ya askofu mkuu wa Toledo. Mwaka 1800 kijana huyo, akiwa na miaka 23, alifanywa askofu mkuu wa Toledo na kardinali. Kiti alichokitupa baba kikamrudia mtoto. Na kwa kuwa historia haipendi kutupa majibu rahisi, huyu alikuwa na faida: mwaka 1813 aliongoza baraza la utawala wa muda lililotekeleza uamuzi wa bunge wa kuifuta mahakama ya Inkwizisyo.

Sasa niseme habari ya Papa mmoja ambaye, kwangu, anaeleza mambo haya yote peke yake. Giovanni de' Medici alizaliwa Desemba 1475 katika ukoo uliotawala Florence. Ukoo huo haukuwa wa kifalme, lakini ulikuwa na benki, na dada yake Giovanni aliolewa na mtoto wa Papa Innocent VIII. Mwaka 1489 Papa huyo akamfanya Giovanni kardinali akiwa na miaka 13, kwa sharti kwamba jambo hilo liwe siri miaka mitatu. Hata waliofanya waliona haya kidogo. Machi 1513 makardinali wakamchagua kuwa Papa, ndiye Leo X. Alikuwa hajawa padri. Alipewa upadri tarehe 15 Machi na uaskofu tarehe 17.

Julai 1517 Leo X alimfanya Afonso, mtoto wa mfalme wa Ureno, kardinali. Afonso alikuwa na miaka minane na miezi michache. Mwaka uliofuata, 1518, Papa huyohuyo aliandika hati ya kumteua mtoto mwingine wa mfalme. Huyu alitoka kwetu Afrika.

Aliitwa Henrique, mtoto wa Mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Mvemba a Nzinga. Baba alimpeleka Lisbon akiwa kijana, akasoma Kilatini na teolojia miaka mingi kwa watawa wa Mtakatifu Eligius. Leo X alimteua kuwa askofu wa Utica, jimbo la kale la Afrika Kaskazini lililokuwa limebaki jina tu, na mwaka 1521 akarudi Mbanza Kongo, mji ambao leo umo Angola. Ndiye askofu Mkatoliki wa kwanza anayejulikana kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara.

Najua mtu ataniambia: na huyu pia ni mtoto wa mfalme, na huyu pia aliteuliwa kabla ya miaka 30. Kweli. Bila jina la baba yake Roma isingemsikia. Lakini angalieni tofauti. Henrique alikaa darasani. Alikuwa padri kabla ya kuwekwa wakfu. Alirudi kuishi kwa watu aliotumwa kwao, na jimbo lake halikuwa na shamba wala zaka ya kumlisha. Alirudi na elimu ya ugenini katika nchi ambayo wafanyabiashara wa Kireno walikuwa wakinunua watu. Mwaka 1526 baba yake alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba hata watoto wa wakubwa wake wanakamatwa na kuuzwa. Afya yake ilikuwa dhaifu, na alifariki karibu mwaka 1531. Hakuwekwa Mkongo mwingine mahali pake. Jimbo lilipokuja kuundwa huko mwaka 1596, uteuzi wa maaskofu ulikuwa mikononi mwa taji la Ureno.

Na taji la Ureno wakati huo lilivaliwa na nani? Na mfalme wa Hispania, na sababu yake ni kofia nyekundu. Yule Afonso mdogo alikuwa na ndugu, Henrique kama wa Kongo kwa jina, aliyefanywa askofu mkuu wa Braga akiwa na miaka 22 hivi, kisha mkuu wa Inkwizisyo, kisha kardinali. Agosti 1578 Mfalme Sebastian wa Ureno aliuawa vitani Moroko bila mtoto, na aliyebaki wa kurithi akawa huyu kardinali mzee wa miaka 66. Aliomba Roma imruhusu kuoa apate mrithi. Ruhusa haikuja. Alifariki Januari 1580, na Philip II wa Hispania akaichukua Ureno, ikabaki chini ya ukoo huo mpaka mwaka 1640. Wafanyabiashara wetu waliofika Mombasa kufuata makontena wameiona Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Ni ngome ya Wareno, lakini iliamriwa na mfalme wa Hispania. Wana wa kifalme waliopelekwa kanisani ili wasigawe mali ya ukoo, mwishowe mmoja wao akabaki peke yake na mali yote, na hakuwa na wa kumwachia.

Kuna hoja moja inayonipa kazi kweli, nayo ni Mtakatifu Karoli Boromeo, ambaye parokia na shule nyingi zina jina lake. Hakuwa mtoto wa mfalme, alikuwa mpwa wa Papa Pius IV, aliyemfanya kardinali mwaka 1560 akiwa na miaka 21. Uteuzi ulikuwa wa kindugu waziwazi. Lakini mwaka 1563 alipata upadri na uaskofu, mwaka 1565 akahamia jimboni kwake Milano, na tauni ilipoingia mwaka 1576 hakukimbia. Wenye kuteua ndugu zao humtaja huyu kila mara. Mimi nasema alikuwa mtu mwema aliyeingia kwa mlango mbaya, na kwa kila Boromeo mmoja walikuwapo wengi wa Regensburg na Cologne. Mwalimu hasifii mtihani ulioibwa kwa sababu mmoja wa walioiba alikuwa na akili.

Na haya yote yaliisha lini? Si pale mitaguso ilipokataza. Mwaka 1803 wakuu wa Ujerumani, wakisukumwa na jeshi la Napoleon, walizichukua nchi za maaskofu na kugawana. Baada ya hapo askofu wa huko alibaki na misa, kipaimara na barua za mapadri wake. Wenye wana wengi wakaacha kupiga foleni. Kanuni za Kanisa za mwaka 1917 zikaamuru kardinali awe angalau padri, na zile za mwaka 1983 zikapandisha umri wa askofu hadi miaka 35, tena awe padri kwa miaka mitano.

Baada ya Henrique wa Kongo, miaka 400 ilipita kabla ya Papa kumpa Mwafrika Mweusi wa kwetu jimbo la kuliongoza. Ilikuwa Masaka, Uganda, mji ambao wengi wenu mmeupita mkitokea Mutukula. Joseph Kiwanuka aliwekwa wakfu tarehe 29 Oktoba 1939. Alikuwa na miaka 40, alikuwa padri kwa miaka 10, na alikuwa amesomea Roma udaktari wa sheria za Kanisa.